NEADS ya Princeton, Massachusetts: Tathmini ya Mbwa wa Huduma Wanaolelewa Gerezani

Shirika la NEADS lilianzishwa mwaka 1976 na lina makao yake katika mji mdogo wa Princeton, kaskazini mwa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kazi yake ni kufundisha mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, na tangu mwaka 1998 sehemu kubwa ya malezi na mafunzo ya mbwa hao imekuwa mikononi mwa wafungwa, ndani ya magereza. Ninaandika tathmini hii kwa sababu kaka yangu, ambaye anatumia kitimwendo tangu ajali ya barabarani ilipomjeruhi uti wa mgongo, anaishi na mmoja wa mbwa hao, nami ninaishi naye nyumba moja. Ninaiandika pia kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Worcester, Lowell na miji ya jirani tuna jamaa wengi majumbani ambao wangeweza kufaidika na huduma hii, lakini hawajawahi hata kuuliza habari zake. Baadhi yao hawajui kwamba ipo. Wengine wanajua, ila wakisikia mbwa huona kwamba mazungumzo yamekwisha. Maoni yangu kwa jumla ni kwamba huduma hii ni bora na inastahili subira inayodaiwa, ingawa yapo mambo kuhusu mfumo mzima wa mafunzo ya gerezani ambayo siwezi kuyanyamazia.

Mbwa wa kaka yangu ni Labrador mweusi anayeitwa Murphy. Alikuja na jina hilo na hatukulibadilisha. Kazi anayoifanya mara nyingi zaidi ni ile ambayo mtu mzima wa viungo haioni kuwa ni kazi, yaani kuokota. Mtu aliyekaa kwenye kitimwendo na ambaye mikono yake haina nguvu ya kutosha akiangusha funguo, rimoti, kijiko au simu, kitu hicho kimeshatoka katika uwezo wake hadi atokee wa kumsaidia. Murphy huokota kila kimoja na kukiweka mapajani. Kadi ya benki ikilala bapa sakafuni huisukuma kwa pua mpaka ukutani, akapata ukingo wa kuishika kwa meno ya mbele, na haachi alama ya meno juu yake. Huvuta kamba iliyofungwa kwenye mpini wa friji, akafungua, kisha akaisukuma kwa kichwa kuifunga. Huwasha na kuzima taa, hubonyeza kitufe cha mlango wa umeme na cha lifti, husaidia kuvua soksi na mikono ya koti. Akiamriwa kubweka hubweka kwa sauti ya kuita msaada, ambayo watu wote wa nyumbani tunaijua na majirani wa ghorofa ya chini wameshaelezwa maana yake.

Kwangu mimi thamani ya huduma hii haipimwi kwa ustadi wa mbwa, bali kwa mara ambazo kaka yangu hahitaji tena kumwita mtu. Zamani, simu ikimponyoka akiwa peke yake mchana, ilimbidi asubiri hadi shemeji arudi kutoka zamu yake, au watoto warudi shule. Shemeji alikuwa amezoea kupiga simu kila baada ya muda mfupi akiwa kazini, na ikiwa haikupokewa alikuwa anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Siku hizi anamaliza zamu yake. Kaka naye amerudia kazi ya hesabu ambayo aliiacha, akiifanya nyumbani kwa kompyuta, kwa kuwa hana tena hofu kwamba kalamu ikianguka ndiyo siku imeharibika. Mtu asiyemjua atasema haya ni mambo madogo. Sisi tuliokuwa tukiamka usiku kumwokotea mto au kumsogezea blanketi tunajua uzito wake, na yeye mwenyewe anaujua zaidi, maana hakuna mtu mzima anayefurahia kuomba.

Lazima niseme pia yale ambayo mbwa hawezi kuyafanya, ili mtu asiombe kwa matumaini yasiyo na msingi. Hawezi kumwogesha mgonjwa, kumpikia, kumpa dawa kwa kipimo wala kumnyanyua aliyeanguka. Muuguzi wa nyumbani anayekuja asubuhi bado anakuja. Aidha, NEADS haifundishi mbwa waongozaji wa watu wasioona. Hao wana mashirika yao, kama vile The Seeing Eye la Morristown, New Jersey, lililoanzishwa mwaka 1929. Inachofanya NEADS ni kufundisha mbwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, kwa ajili ya viziwi, ambao ndio shirika lilianza nao, kwa ajili ya askari waliostaafu na kwa ajili ya watoto wenye usonji. Mbwa wa kiziwi husikiliza kengele ya mlango, saa ya kuamsha, king'ora cha moshi au mtu anayemwita bwana wake kwa jina, kisha humgusa kwa pua na kumpeleka ilikotoka sauti. Kwa mama mzazi kiziwi mwenye mtoto mchanga hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuomba.

Namna mbwa hawa wanavyotengenezwa ndiyo inayoitofautisha huduma hii na nyingine nyingi, na nitakaa hapo kidogo. Wazo la kuwapeleka mbwa kwa wafungwa halikuanzia Massachusetts. Lilianza mwaka 1981 katika gereza la wanawake la Gig Harbor, jimbo la Washington, kwa juhudi za mtawa wa Kidominiko aliyeitwa Pauline Quinn. Mama huyu alikuwa amepitia ujana wa mateso, akihamishwa kutoka taasisi moja hadi nyingine, na alikuwa akieleza waziwazi kwamba mbwa ndiye aliyemrudishia ujasiri wa kuishi miongoni mwa watu. Alipata msaada wa Leo Bustad, mkuu wa kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na mradi wao ukaonyesha kwamba mfungwa anaweza kumfundisha mbwa hadi akafaa kumhudumia mtu mwenye ulemavu. Mwaka 1997 Gloria Gilbert Stoga alianzisha New York shirika la Puppies Behind Bars, lililoanza katika gereza la wanawake la Bedford Hills, na mwaka uliofuata NEADS nayo ikaingia katika magereza ya New England, yaani eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Leo mbwa wake wanalelewa katika magereza kadhaa ya Massachusetts, na pia katika gereza la John J. Moran lililoko Cranston, Rhode Island.

Mtoto wa mbwa huingia gerezani akiwa na umri wa miezi michache tu. Mfungwa anayekabidhiwa huwa ameomba mwenyewe na kuchujwa: rekodi yake ya nidhamu hutazamwa, na kwa kawaida programu za aina hii haziwapokei waliowahi kuwatesa wanyama au kuwadhuru watoto. Mbwa hulala katika seli ya mlezi wake, ndani ya kizimba kidogo, na huwa naye mchana kutwa. Mkufunzi wa shirika hufika kwa ratiba kuendesha darasa, kuona kila mbwa amefikia wapi na kutoa kazi za kufanya hadi darasa linalofuata. Kati ya darasa na darasa, kazi yote ni ya mfungwa.

Chukua mfano wa kufungua friji. Kitendo hicho hakifundishwi kwa mara moja. Mbwa huanza kwa kuigusa kamba kwa pua na kupewa punje ya chakula. Kisha aishike kwa meno. Kisha aishike bila kuiachia. Kisha avute kidogo. Kisha avute hadi mlango uachane na fremu yake. Kisha arudi nyuma huku akivuta. Kisha aachie anapoamriwa. Kila hatua hurudiwa mara nyingi, katika vyumba tofauti, mbwa akiwa amechoka na akiwa mchangamfu, mpaka amri na kitendo viwe kitu kimoja. Mkufunzi wa kulipwa mwenye mbwa wengi wa kuwahudumia hana saa hizo. Familia inayofanya kazi na kulea watoto haina pia. Mfungwa anazo, na kwa kuwa siku yake nzima imepangwa kwa saa zisizobadilika, mbwa naye hupata utaratibu ambao nyumba chache zingeweza kumpa. Ninaamini hii ndiyo siri ya ubora wa mbwa hawa, zaidi ya ukoo wao na zaidi ya mbinu yoyote ya kisasa, na ninapoyasikia maelezo yanayomtaja mfungwa kama msaidizi tu wa pembeni huona kwamba hayamtendei haki.

Wakati huohuo gereza si mahali pa kumfundisha mbwa dunia. Hakuna watoto wanaokimbia, hakuna ngazi za umeme, treni, soko la samaki, paka wa jirani wala lori la takataka linalopita alfajiri. Mbwa aliyekulia humo peke yake angekuwa hodari wa kufungua milango lakini mwoga wa barabara. NEADS imelijibu tatizo hilo kwa kuwa na watu wa kujitolea ambao humchukua mbwa mwishoni mwa wiki, wakampandisha gari, wakampeleka madukani, kanisani, kwenye mechi za watoto na penye watu wengi, kisha wakamrudisha gerezani. Baada ya kipindi cha gerezani kwisha, mbwa hurudi Princeton kumaliziwa mafunzo na wakufunzi wa shirika wenyewe. Kama ningekuwa ninauliza habari za shirika lolote la aina hii ningeanza na swali hili: nani humtoa mbwa nje, na mara ngapi? Ugonjwa wa korona ulipolazimisha magereza kuwafungia milango watu wa nje mwaka 2020, ilidhihirika jinsi mpango mzima unavyotegemea wale wa mwisho wa wiki.

Upande mwingine, malezi ya gerezani yana faida ambazo nimeziona kwa macho. Murphy hashtuki kwa kishindo cha mlango wa chuma, wala kwa vipaza sauti, wala kwa watu kupiga kelele ghafla. Hospitalini, ambako vitanda hugongana na kengele hulia bila kukoma, hulala chini ya kitimwendo na kutulia kana kwamba yuko nyumbani.

Sasa niseme kuhusu wafungwa. Kazi yao katika programu za namna hii, kote Marekani, huhesabiwa kuwa kazi ya gerezani, na ujira wa kazi za gerezani nchini humo ni mdogo sana. Katika majimbo mengi haufiki dola moja kwa saa, na yapo majimbo ambayo kazi nyingi hazilipwi kabisa. Mbwa mmoja aliyekamilika hugharimu makumi ya maelfu ya dola ukijumlisha chakula, matibabu, wakufunzi na majengo, na gharama hiyo ingepanda mno kama saa za mfungwa zingelipwa kama za mtu mwingine. Familia yetu imefaidika na saa hizo. Kwa hiyo ninaposema kwamba ujira huo hautoshi sisemi kama mtazamaji wa mbali. Ningependa kuona majimbo yakiyapa mafunzo haya cheti kinachotambuliwa na waajiri, ili anayetoka baada ya kulea mbwa kadhaa aweze kuajiriwa katika vituo vya mifugo, katika shule za mbwa au katika mashirika haya haya. Wapo waliofanikiwa hivyo, lakini isiwe bahati ya mmoja mmoja.

Kuna pia dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba mfungwa aliyelea mbwa harudii uhalifu. Ninalitamani liwe kweli, na simulizi za wafungwa waliojifunza subira na uwajibikaji kwa sababu ya mbwa ni nyingi na zinagusa moyo. Hata hivyo, tafiti nyingi za jambo hili ni za watu wachache, na wanaoingia katika programu wamechujwa tangu mwanzo kwa nidhamu yao; watu hao huenda wasingerudia uhalifu hata bila mbwa. Sioni kwamba programu inahitaji dai hilo ili istahili kuwepo. Mtu aliyefungwa ambaye kwa miezi mingi ameamka usiku kumtoa mtoto wa mbwa haja, akamfundisha, akampenda, kisha akamkabidhi kwa mtu asiyemjua ili mtu huyo aweze kufungua mlango wake mwenyewe, amefanya jambo jema, na wema huo hauhitaji takwimu kuuthibitisha. Sisi tulipeleka barua ya shukrani kupitia shirika. Ninamshauri kila anayepokea mbwa afanye vivyo hivyo, maana wakufunzi walitueleza kuwa walezi wa gerezani hutamani mno kujua mbwa wao amefika wapi.

Utaratibu wa kuomba ni mrefu lakini hauna hila. Mwombaji hujaza fomu, hutoa taarifa kutoka kwa daktari wake, kisha huitwa kwa mahojiano ambayo hugusa maisha yake yote ya kila siku: anaishi na nani, ana kiwanja au ngazi, anatoka nyumbani mara ngapi, ana watoto au wanyama wengine, nani atamhudumia mbwa siku ambayo yeye amelazwa. Kinachofuata ni kusubiri, na kusubiri huko hakufuati foleni ya kawaida. Mbwa hapewi aliyetangulia kuomba, bali anayelingana naye kwa mahitaji, kwa mwendo na kwa tabia. Mbwa mwenye nguvu nyingi hafai kwa mzee anayekaa ndani, na mbwa mpole kupita kiasi hafai kwa kijana anayezunguka chuoni siku nzima. Wapo wanaokasirika wakiona mwenzao aliyeomba baadaye amepata kabla yao. Baada ya kuishi na Murphy ninakubaliana na utaratibu huo kwa moyo wote. Tukumbuke pia kwamba katika mashirika ya aina hii si ajabu karibu nusu ya mbwa wanaoanza mafunzo wasifuzu kwa sababu ya afya au hulka, na shirika linalokataa kumtoa mbwa asiyefaa linamlinda mteja hata kama linamchelewesha.

Mbwa akipatikana, mteja huenda kukaa Princeton, katika nyumba ya wateja iliyo ndani ya eneo la shirika, ili yeye na mbwa wafundishwe pamoja. Kipindi hiki ndicho kilichonishawishi kwamba nilikuwa mbele ya watu wanaoijua kazi yao. Mbwa anajua amri zote. Asiyezijua ni binadamu. Kaka alifundishwa kutoa amri mara moja tu na kungoja, kusifu kwa wakati wake, kusoma masikio na mkia, kukata kucha, kusafisha masikio, kumzuia mbwa kula kilichoanguka mezani. Nyumba ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa kitimwendo, wakufunzi walikuwa na subira kwa lafudhi yetu, na hakuna aliyetuharakisha. Amri ni za Kiingereza, na tulipofika nyumbani tulikubaliana kwamba watu wote, hata bibi akija, watazitumia hizo hizo bila kuzibadilisha, kwani mbwa akisikia amri moja kwa namna nyingi huanza kubahatisha. Watoto walikatazwa kumwamrisha akiwa amevaa koti lake la kazi, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Kuhusu fedha, mashirika yanatofautiana, kwa hiyo uliza mapema kabisa na upate jibu kwa maandishi. Canine Companions, lililoanzishwa California mwaka 1975 na ambalo nalo huwatumia wafungwa katika baadhi ya magereza kulea mbwa, hutoa mbwa bila malipo. Mengine humwomba mteja ashiriki kuchangisha sehemu ya gharama kwa ndugu, marafiki na jumuiya yake, huku wafadhili wakibeba sehemu kubwa iliyobaki. Sioni aibu katika kuchangisha. Sisi tuliozoea michango ya harusi na misiba tunajua kuifanya kazi hiyo kuliko wengi. Gharama ya kudumu ndiyo ya kufikiriwa zaidi: chakula kizuri, daktari wa mifugo, chanjo, dawa za viroboto na kupe, kila mwezi na kila mwaka. Mbwa wa huduma kwa kawaida huanza kazi akikaribia miaka 2 na hustaafu akikaribia 10, na familia iwe tayari kwa siku ya kustaafu kwake.

Familia nyingi za Kiislamu, yetu ikiwa mojawapo, zitakwama kwanza kwenye suala la twahara, yaani usafi wa kidini, na si haki kulipita haraka. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Madhehebu ya Maliki yanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Hata hivyo wanazuoni wa Kishafii wenyewe hawakatazi kumfuga mbwa kwa haja kama vile uwindaji na ulinzi wa mifugo na mashamba, na Qurani, katika Suratul Maida aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa. Kaka alimwendea imamu wake kabla ya kujaza fomu, akaelezwa kwamba haja ya mtu mwenye ulemavu haiwi ndogo kuliko ya mwindaji, na kwamba jukumu lake ni kujihadhari na najisi kadiri awezavyo. Nyumbani chumba kimoja kimetengwa kwa swala na Murphy haingii humo. Kaka ana nguo za swala zinazohifadhiwa kando. Vyombo vya mbwa vina beseni lao. Mama alipokuja kutoka Tanga alikuwa na wasiwasi mkubwa, akaomba kwanza aonyeshwe chumba cha swala, na alipouona akaridhika akakaa. Huko Leicester, Uingereza, mwaka 2008 kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake mwongozaji, baada ya kutolewa fatwa, mbwa akitengewa mahali pa kungojea nje ya ukumbi wa swala. Kwa hiyo anayedhani kwamba suala hili halijawahi kufikiriwa na wenye elimu ajue limefikiriwa, na amwendee mwanazuoni wake kuuliza badala ya kujikatia tamaa.

Nje ya nyumba, haki za mtu mwenye mbwa wa huduma zinatokana na sheria ya mwaka 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu, iitwayo kwa kifupi ADA. Mwenye duka, hoteli au mgahawa ana ruhusa ya kuuliza maswali mawili tu ikiwa haionekani wazi mbwa ni wa nini: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Hawezi kudai cheti, wala kuuliza ugonjwa, wala kumtaka mbwa aonyeshe kazi yake. Serikali ya Marekani haina daftari la kuwaandikisha mbwa wa huduma, na kwa sababu hiyo vyeti vinavyouzwa mtandaoni kwa dola kadhaa havina thamani yoyote kisheria; kwa bahati mbaya vimewatia watu shaka hata juu ya mbwa wa kweli. Kwa upande wake, mbwa asiyedhibitiwa au asiyejua haja yake aifanyie wapi anaweza kutolewa nje kihalali. Tumewahi kuachwa barabarani na dereva wa teksi aliyemwona Murphy akaondoa gari, na tumewahi kuzuiwa kwenye mgahawa wa mtu wa kwetu kabisa, ambaye tulipomweleza kwa upole alituomba radhi na kututafutia meza pana. Unapomwona mbwa mwenye koti la kazi, tafadhali usimwite, usimpapase, usimtupie kipande cha nyama. Zungumza na mtu mwenyewe.

Lililobaki ni safari za nyumbani, ambalo kila mmoja wetu huniuliza. Kwa ndege zinazoondoka au kuingia Marekani, shirika la ndege linaweza kudai fomu ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani inayothibitisha afya na mafunzo ya mbwa, na kwa safari inayochukua saa 8 au zaidi fomu nyingine kuhusu haja zake. Kipande cha pili cha safari, tuseme kutoka Doha au Istanbul hadi Dar es Salaam kwa shirika la ndege la nchi nyingine, hakilindwi na sheria za Marekani, kwa hiyo kibali cha shirika la ndege na cha nchi unayopitia lazima kitafutwe peke yake, pamoja na kibali cha kuingiza mnyama nchini. Kurudi ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na kanuni zilizoanza tarehe 1 Agosti 2024 zinataka mbwa anayetoka huko awe na umri usiopungua miezi 6, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na awe na fomu ya kuingia. Mbwa aliyechanjwa Marekani anahitaji pia fomu maalumu ya chanjo iliyojazwa na daktari wa mifugo anayetambuliwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani na kuidhinishwa na wizara hiyo kabla mbwa hajaondoka nchini. Ukishafika Tanga bila fomu hiyo huwezi kuipata kutoka huko, kwa hiyo mwone daktari wa mifugo kwanza, ndipo ununue tiketi.